Kaniki Yangu Imekwenda Kuimba Nairobi

Kinondo,
Jumanne, 4 Februari 2025

Husna,

Salamu nimeziweka pembeni, utazipata siku ukizistahili. Naandika barua kwa sababu nikikupigia simu unaikata, halafu unasema mtandao ulipotea. Barua haikatiki. Utaisoma mpaka chini, na ukiitupa mamako mdogo Dama ataiokota aimalize mwenyewe, maana kupenda mambo ya watu ndiyo kazi yake tangu nimzae.

Ijumaa umeniaga unakwenda Msambweni kumwangalia rafiki yako aliyejifungua. Nikakupa na mbaazi za nazi umpelekee mzazi. Jumamosi napiga simu Msambweni niulize mtoto kapewa jina gani, naambiwa hakuna aliyejifungua, na mbaazi hakuna aliyeziona. Jioni ndiyo unamtumia ujumbe jirani Mbodze aje kunisomea: mwambie Bibi niko Nairobi, nimekuja kutazama bendi ya roki, nitakaa kwa mama mdogo siku kidogo. Kana kwamba mimi sijui kusoma. Nimesoma ngumbaru miaka mitatu, Husna, na cheti kiko ukutani. Hukuwa na haja ya kumpa Mbodze raha ya kunitangazia mambo ya nyumba yangu mlangoni pangu.

Watu wanatoka Nairobi kuja kupumzika hapa kwetu, wanalipa na pesa. Wewe unatoka hapa kwenda Nairobi kusimama na kutazama wanaume wakipiga kelele.

Hayo nilikuwa nimeyameza. Nilisema ana likizo ya hoteli, amechoka kutandika vitanda vya wageni, mwache. Lakini leo asubuhi nimefungua sanduku langu na kaniki haimo.

Labda hujui ulichokichukua, na hapo nusu ya kosa ni langu, kwani mambo ya kaya, ule msitu wetu wa matambiko, hatuwaambii wasichana mpaka waolewe. Ile si nguo ya kutembelea. Ni kaniki ya kuingilia kaya. Nilipewa na mama yangu, naye alipewa na wake. Haikatwi, haipitishwi sindano, na mwenye kuongoza hawezi kuingia na nyingine ila ile aliyorithi yeye mwenyewe. Jumatano ya tarehe ishirini na sita, kabla Ramadhani haijaandama, wazee wanaingia msituni kuomba mvua. Miaka ishirini wanawake waliongozwa na wifi yangu, Mungu amrehemu. Mwaka huu wamenichagua mimi, na Mbodze aliyekuwa akiitaka nafasi hiyo bado hajalala usingizi.

Nasikia wafuasi wa hao watu wako huvaa nyeusi. Ukaona nyeusi sandukuni mwangu ukasema hii itanitosha. Irudishe kama ulivyoikuta.

Ni mimi bibi yako,
Fauzia binti Alfani


Pipeline, Nairobi
Jumamosi, 8 Februari 2025

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta salama wewe na kuku wako. Mama mdogo anakusalimu, na ndiyo, barua yako aliisoma kabla yangu.

Nimekukosea kwa kukudanganya na ninaomba radhi. Mbaazi nilikula kwenye basi na msichana niliyekaa naye, naye pia alikuwa anakwenda huko huko. Ningekuomba ruhusa ungenikatalia, nawe unajua ungenikatalia. Bendi yenyewe, Vumbi la Chuma, nimewasikiliza miaka minne bila kuwaona. Pwani hawaji, wanasema huko hakuna wa kuwasikiliza. Nikasema basi mmoja yupo na atakuja mwenyewe.

Walikuwa wanne, Bibi. Wa gitaa kubwa ni mwanamke, amenyoa kichwa, akipiga ule uzi mmoja unausikia mbavuni kabla ya masikio. Uwanja mzima nyeusi tupu. Nilisimama mbele kabisa tangu saa nane mchana ili nisinyang'anywe nafasi, sikunywa hata maji. Walipoingia, hawakusalimia mtu, walianza tu. Mpiga ngoma ana mikono kama ya mtu anayetwanga mtama wa harusi. Waliimba nyimbo kumi na sita na mimi ninazijua zote, na watu niliokuwa nimesimama nao, ambao hawanijui jina, walinishika mabega tukaimba pamoja.

Ningekueleza kwa nini nilikwenda, lakini najua utasema ni kelele.

Kaniki ipo. Usiwe na wasiwasi.

Mjukuu wako,
Husna


Kinondo,
Jumatano, 12 Februari 2025

Husna,

Umeandika kurasa mbili za magitaa na mstari mmoja wa kaniki. Mimi si hodari wa kusoma lakini kupima najua.

Ipo wapi? Kikapu kipo, mwiko upo, hata mwizi yupo mahali. Mkabidhi Abdulaziz, kondakta wa basi la Ukunda, ambaye ndiye anayebeba barua hizi, nami nitamngoja stendi mwenyewe.

Mbodze amekuja jana na sura ya huruma. Ati amesikia sijisikii vizuri. Ati nikiwa nimechoka, yeye yuko tayari kunishikia ile kazi, kwa udugu tu. Nimemuuliza nani kamwambia mimi naumwa. Akasema, "Dada Fauzia, nimeona tu huaniki chochote cheusi kwenye kamba, na siku zimekaribia." Unaona ninavyochungwa? Mpaka kamba yangu ya nguo inahesabiwa.

Sauti yenyewe anayo ya kumwita paka, na anataka kuongoza wanawake arobaini.

Lete kaniki.

Fauzia binti Alfani


Nairobi
Jumamosi, 15 Februari 2025

Bibi,

Shikamoo. Kaniki hii hapa, nimempa Abdulaziz mkononi. Nimeiosha kwa maji matupu kwa sababu ilikuwa na vumbi, kwa hiyo ukiona rangi imebadilika kidogo ni hilo tu. Hoteli wameniongezea siku saba za likizo, nitarudi mwisho wa mwezi. Tafadhali usinikasirikie tena.

Husna


Kinondo,
Jumatatu, 17 Februari 2025

Wewe Husna,

Kifurushi nimekipokea, na kwa majivuno yangu nikamwita Mbodze aje kukiona kikifunguliwa. Nilitaka afunge mdomo. Kwa hiyo ujue aibu hii ilinipata nikiwa na mgeni.

Umenunua kaniki mpya dukani. Umeichemsha na majani ya chai ili ionekane kuukuu, ukaianika juani, ukaisugua kingo zake na jiwe. Kazi si mbaya, ningekuwa kipofu ningekusifu. Lakini kaniki ya mama yangu ina kona iliyoliwa na panya mwaka wa mafuriko, na hii kona zake nne zote nzima. Kaniki ya mama yangu inanuka moshi na udi. Hii inanuka kifungua kinywa cha hotelini kwenu.

Hata hivyo nikasema, "Unaona, imerudi." Nimesema uongo mbele ya mtu kwa ajili yako, mimi, na umri huu. Mbodze akatoa simu yake pole pole, alikuwa akiingojea saa hiyo tangu Jumapili, akasema, "Hebu nitazamie, dada, hii si kaniki yako hii?"

Nikatazama. Kijana amevua shati, jasho linamtiririka kama aliyetoka kuchimba kisima, anarukaruka na kupiga makelele kama aliyekanyaga siafu. Na kichwani amejifunga kaniki yangu. Kona ya panya inapepea juu ya sikio lake.

Kaniki iliyokaa sandukuni kwa heshima tangu kabla ya mama yako kuzaliwa, leo imefungwa kwenye kichwa cha mtu asiyejua hata kuvaa shati, na watu elfu ngapi sijui wameitazama kwenye simu, na Mbodze ni mmoja wao. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi, na sioni haya kulisema.

Ungeniambia tangu siku ya kwanza ningekupiga kwa maneno yakaisha. Sasa niandikie kweli, yote, pamoja na jina la huyo bwana.

Fauzia


Nairobi
Jumanne, 18 Februari 2025

Bibi,

Shikamoo. Kweli yote ni hii.

Nilijitanda kaniki mabegani. Wimbo wa tisa, mwimbaji alishuka jukwaani akaja mpaka kwenye vyuma vilivyotuzuia. Jasho lilikuwa linamwingia machoni. Akashika ncha ya kaniki akajipangusa, halafu akanitazama kama anayeuliza. Hakuninyang'anya, Bibi. Nilimpa. Sikufikiri kaya, sikufikiri kitu. Nilifurahi kwamba kitu changu kinapanda juu kule.

Lakini hakikuwa changu. Nililijua hilo dakika ile ile alipogeuka, maana nilihisi baridi mabegani.

Kesho yake nilirudi uwanjani nikamkuta mlinzi tu. Nimewaandikia kwenye simu mara sita, hawajibu. Halafu Alhamisi nikaona picha mpya wameweka. Mwimbaji bado ameifunga kichwani, lakini ni ndogo. Nusu nyingine imetandazwa juu ya ngoma kubwa, wanafanya hivyo ili isilie sana. Wameikata, Bibi. Ndipo nikaenda kununua ile mpya. Niliikoroga kwenye sufuria ya mama mdogo nikilia.

Anaitwa Katana. Watu wa kwao ni wa Kilifi lakini amezaliwa na kukulia hapa Nairobi. Wanapiga tena Jumamosi hii, tarehe ishirini na mbili, uwanja ule ule. Anwani ya ofisi yao nimekuandikia nyuma ya karatasi hii.

Hujaniuliza kwa nini nilikwenda, lakini nitasema. Tangu Mama afariki sijaweza kulia. Siku ya maziko ulisema tunyamaze, tusimsumbue maiti, nikanyamaza. Nimenyamaza miaka mitatu. Natandika vitanda ishirini kwa siku na sauti ya yule mtu iko masikioni, anatoa kelele ambayo mimi siwezi kuitoa nyumbani. Nilitaka kuisikia ikitoka kwa mtu mwenyewe, basi.

Husna


Kinondo, Wilaya ya Msambweni
Jumatano, 19 Februari 2025

Kwa Bwana Katana wa Vumbi la Chuma,

Hunijui. Mimi ni mwenye kile ulichojifunga kichwani.

Ungekuwa mtu wa mbali ningesema hajui, asamehewe. Lakini Katana ni jina la kwetu. Mtu haitwi Katana kwa bahati mbaya. Una babu aliyezikwa mahali fulani nyuma ya Kilifi, na babu huyo alikuwa na kaya yake, na kwenye kaya hiyo watu huingia na nguo nyeusi kama hiyo uliyofutia makwapa. Kama babako hakukuambia, muulize alikuwa na kazi gani iliyomzidi mpaka akashindwa kukwambia jambo moja.

Mjukuu wangu alikupa, hilo najua, naye nimemshika kwa upande wake. Lakini mtu akikupa kitu huulizi ni cha nani? Umekwenda kwa watu ukapewa mtoto umshike, utaondoka naye? Na kisha mkasi. Nani alishika mkasi? Nataka jina lake pia. Nguo iliyopita mikono mitatu ya wanawake bila kuguswa na sindano, nyinyi mmeipasua ili ngoma isilie. Mtu asiyetaka ngoma ilie asipige ngoma.

Jumatano ijayo ninatakiwa niingie kaya mbele ya wanawake arobaini. Bila kaniki hiyo siingii, na anaingia mtu mwingine ambaye sitamtaja. Nataka vipande vyote viwili mkononi mwangu kabla ya siku hiyo. Na uvae shati ukija.

Fauzia binti Alfani


Nairobi
20/2/2025

Shosho Fauzia,

Shikamoo. Barua yako imefika leo asubuhi na kondakta amekataa kuondoka mpaka nijibu, anasema umemwapisha.

Kwanza pole sana, kwa kweli. Sikujua. Nilidhani ni leso tu. Watu huturushia vitu vingi, kofia, viatu, siku moja mtu alirusha mswaki. Mkasi nilishika mimi, usimlaumu mpiga ngoma.

Shosho, hiyo kitambaa imekuwa kama sehemu ya shoo sasa, mafans wanaitambua. Naweza kukununulia mpya hata kumi, za kitambaa kizuri kuliko hicho, nikutumie leo leo. Jumamosi tunapiga na Jumapili tunarekodi, siwezi kufika pwani hadi Machi katikati. Kama uko tayari kuja, nimekuwekea tiketi mbili mlangoni kwa jina lako, ya mbele kabisa.

Mambo ya kaya sijui kitu, ni kweli. Baba hakuwahi kutupeleka.

Heshima,
Katana


Kinondo,
Ijumaa, 21 Februari 2025

Husna,

Amesema atanipa kumi. Kumi. Kana kwamba nguo ya mama yangu ni ndoo ya dukani.

Barua hii ikikufikia mimi niko kwenye garimoshi la asubuhi. Njoo unipokee na usivae nyeusi.

Bibi yako


Nairobi
Jumatatu, 24 Februari 2025

Bibi,

Shikamoo. Natumai umefika salama. Umeondoka jana alfajiri hata chai hukungoja, na tangu tulipotoka uwanjani mpaka mlango wa mama mdogo hukunisemesha neno moja. Nilikuomba radhi mara mbili kwenye gari ukatazama dirishani. Afadhali ungenipiga.

Sijui kama unajua ulichokifanya. Watu wote huku wanauliza yule bibi ni nani. Mimi nilidhani tutamngoja nyuma amalize, atupe, twende zetu. Nilikuwa nimekwenda kukununulia maji. Narudi, nakuona unapanda ngazi za jukwaa na buibui lako umelishika mkononi, na wale walinzi wawili waliojaa kifua wanakupisha. Mmoja alikusaidia kupanda. Nilimuuliza baadaye kwa nini, akasema, "Si aliniambia nitoke njiani?"

Katana alikuwa katikati ya wimbo. Ulimshika sikio. Mbele ya watu wote wale, Bibi, ulimshika sikio akainama, na muziki ukazimika kipande kipande, wa mwisho alikuwa mpiga ngoma ambaye hakukuona. Ukaifungua kaniki kichwani mwake fundo kwa fundo kama unamfungua mtoto mbeleko. Halafu ukaenda kwenye ngoma ukachukua ile nusu ya pili mwenyewe.

Ningeomba iishie hapo. Lakini Katana akakupa kipaza sauti, alidhani utasalimia. Ukawauliza, "Nyote mmevaa nyeusi hivi, mmefiwa na nani?" Wakacheka, wakaanza kupiga makofi. Ukasema, "Nyamazeni, sijamaliza." Na wakanyamaza. Nimewaona watu wale mara mbili sasa, sijawahi kuwaona wamenyamaza. Ukamuuliza Katana bibi yake yuko wapi, akasema Kilifi. Mara ya mwisho kumwona lini. Akasema, miaka kumi na moja. Ukamrudishia kipaza sauti kama unamrudishia kijiko kichafu.

Nilidhani tutaondoka. Ukakaa kwenye sanduku la vyombo vyao kando ya jukwaa, vipande viwili mapajani, na ukakaa mpaka wimbo wa mwisho. Wale vijana wakakuletea soda. Ukainywa.

Sijui ulikuwa unawaza nini, na ndilo linaloniogopesha. Keshokutwa ni Jumatano. Niambie kama nimekuharibia.

Husna


Kinondo,
Alhamisi, 27 Februari 2025

Husna, mjukuu wangu,

Nilikaa mpaka mwisho kwa sababu ngazi zilikuwa zimezibwa na nyaya. Usimwambie mtu jambo jingine.

Na sikukusemesha kwa sababu sikuwa nasikia. Masikio yalivuma kama mzinga mpaka garimoshi lilipopita Voi. Kama uliomba radhi kwenye gari, hazikunifikia, kwa hiyo utaziomba tena ukifika hapa, kwa sauti.

Wale watu wako hawana adabu ya kupiga muziki. Hawapumziki, hawasalimu, mwenye gitaa anampa mgongo mtu mzima. Yule msichana mwenye kipara peke yake ndiye anayejua anachofanya. Lakini mimi sikukaa pale kuwatazama wao. Nilikutazama wewe. Ulidhani umejificha katikati ya watu, nawe ulikuwa mbele ya macho yangu hatua sita. Ule wimbo wa polepole ulipoanza nikakuona umefungua kinywa mpaka jino la nyuma, machozi yanaingia mdomoni na wewe hufuti, na msichana usiyemjua jina amekushika shingo.

Nilikasirika, Husna. Bado nimekasirika. Miaka mitatu unakula na mimi sahani moja, na machozi ya mwanangu unakwenda kuyamwaga Nairobi kwa watu wa kulipia mlangoni. Nilisema tunyamaze siku ya maziko. Siku ya maziko. Sikusema mpaka nife. Nani kakuambia mimi nilinyamaza? Mimi hulia jikoni, moshi wa kuni nasingizia. Ungekuja jikoni ungenikuta. Lakini na mimi sikukuita, nalo hilo nimelifikiria kutoka Voi mpaka Miritini, na sikulipenda.

Sasa uliyouliza. Nimefika Jumapili na vipande vyangu viwili. Jumatatu nimekaa navyo. Nilijaribu kuvishikilia pamoja kifuani nione kama pengo litaonekana, likaonekana. Sindano siwezi kuipitisha. Ile yako ya chai ilikuwa juu ya kitanda. Nitakuambia kweli, kwa sababu wewe nimekulazimisha kuniambia: niliivaa. Nilijitazama kwenye kioo. Ilinikaa vizuri kuliko ya mama. Mbodze tayari alikuwa ameiona ya kweli kwenye simu, lakini Mbodze peke yake ningemmudu, ningesema imerudi na wengine wangeniamini mimi. Nikaivua kwa sababu ya ile harufu. Nikajiona nimesimama kaya naomba mvua nikinuka uongo wa chai, na mvua nayo ina pua.

Jumatano asubuhi nimekwenda na kanga yangu na vipande mkononi. Mzee Baya, ambaye ndiye mkubwa wa kaya sasa, akaniuliza mbele ya wote, "Binti Alfani, kaniki yako iko wapi?" Nikamwonyesha. "Imekatwa na nani?" Nikamwambia yote, Nairobi, ngoma, sikio. Wanawake wakaanza kucheka kwa kujifunika mdomo. Baya hakucheka. Akasema nguo imekatwa, mwenye nguo haingii mwaka huu. Mbuzi mweusi atolewe, na aliyeikata nguo aje kumtoa kwa mkono wake, ndipo mwakani ifikiriwe. Sikubishana. Ndivyo ambavyo ningesema mimi ningekuwa Baya.

Wakaingia. Mbodze mbele, kaniki yake imepigwa pasi. Pasi, Husna. Mimi nikabaki kwenye njia, nje ya miti ya kwanza, nimekaa juu ya jiwe peke yangu kama mtu aliyeachwa na basi. Nimeingojea siku hiyo miaka ishirini. Hilo ndilo uliloniharibia, umeniuliza, nimekujibu.

Nikawasikia wameanza. Mbodze anatoa wimbo, wanawake wanapokea. Ubeti wa kwanza ukaenda. Wa pili ukaanza kulegea. Ile sauti yake haifiki kwa watu wa nyuma, na wa nyuma wasiposikia wanapokea wanachokikumbuka, mmoja huku mmoja kule. Ubeti wa tatu nikasikia kimya. Umemtoka. Kimya kibaya, kile ambacho unajua wote wanatazamana. Wazee wanangoja. Ombi likikatikia hapo limekatika, hakuna kurudia mpaka mwaka mwingine, na mahindi ya watu wa huku yote yanangojea maneno hayo.

Basi nikasimama juu ya lile jiwe nikautoa mimi. Kutoka nje, kupitia miti yote ile. Sikuutoa kwa koo, koo langu ni la miaka sabini na mbili. Niliutoa chini ya kitovu, mahali pale nilipomwona mtu fulani akiutolea wake, na usiniulize nani. Ukaenda. Nikangoja. Halafu nikasikia wanawake arobaini wanapokea, wote pamoja, nikatoa unaofuata, wakapokea, mpaka ubeti wa saba ambao ndio wa mwisho. Hakuna mguu wangu ulioingia kaya. Baya hana la kunishitaki.

Nilipomaliza nilikuwa nalia, na kuni hazipo.

Mvua bado, usije ukaandika huko kwamba imenyesha. Mawingu yako upande wa milima ya Shimba, yanafikiria.

Katana amepiga simu. Anasema atakuja baada ya Idi na mbuzi, na atapita Kilifi kwanza kwa bibi yake. Nimemwambia ageuze, aanze kwa bibi yake akae wiki, kwetu aje akiwa ameshafundishwa kusalimia. Wewe rudi Jumapili. Utakaa na mimi jikoni mwezi mzima wa Ramadhani, ukipenda kulia utalia, ukipenda kuimba zile kelele utaimba, lakini sambusa zitakunjwa. Na zile beti saba utazijua kabla ya Idi, kwa sababu nimeona jana watu wanavyokuwa wachache wanaozijua.

Jioni Mbodze amepita hapa. Nilidhani amekuja kunishukuru. Akasimama mlangoni akasema, "Dada Fauzia, ule wimbo umeutoa sawa, lakini mbona ulikuwa unapiga kelele vile?"

Nikamwambia aketi nimmiminie chai. Nikamwambia, Mbodze, wewe kelele hujawahi kuzisikia.

Bibi yako,
Fauzia binti Alfani